Unataka kuwa meneja wa mauzo? Shule, ruti na hesabu, na pale vijana wengi wanapokwama

MtuWaMauzo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila vyuo vinapomwaga wahitimu mtaani, PM zangu hujaa swali lilelile: "Kaka, nisome nini ili niwe meneja wa mauzo?" Nimeona niandike hapa mara moja, kwa urefu, anayetaka asome na anayepinga apinge hadharani. Mimi nipo kwenye bidhaa za dukani zinazotoka haraka: soda, maji, sabuni, biskuti. Nilianzia kwenye gari la mauzo Mbagala, nikasimamia timu Morogoro, sasa nipo Kanda ya Ziwa. Nitakayoandika yanahusu zaidi upande huo. Watu wa benki, bima, dawa na simu mtaongezea.

Msimamo wangu ni huu. Umeneja wa mauzo unasimama juu ya ruti, yaani mzunguko wa maduka unayoyapitia kuuza, na hesabu, na ukikosa kimoja utakwama. Mwenye shahada aliyeikataa ruti hukwama mapema kwa sababu timu haimwamini. Hilo watu wanalijua na wanalisema sana. Linaloniuma mimi ni la upande wa pili: vijana wenye kipaji cha kuuza, wanaopendwa na kila mwenye duka, wanaopiga tageti kila mwezi, halafu wanakaa ngazi moja mpaka wanazeeka kwa sababu hakuna aliyewaonyesha hesabu za kazi yao wenyewe.

Ngazi zilivyo

Chini kabisa kuna promota na mpanga rafu, wengi wao kwa mkataba mfupi kupitia wakala wa ajira. Juu yake afisa mauzo, mwenye ruti yake na tageti yake. Halafu supavaiza, anayeshika kundi la maafisa. Halafu meneja wa eneo, mwenye mkoa au mikoa kadhaa pamoja na wasambazaji waliomo. Juu yake meneja wa kanda, meneja wa mauzo wa taifa, na mkurugenzi wa biashara. Pembeni kuna tawi la wateja wakubwa: supamaketi, mahoteli, shule, migodi. Majina hutofautiana kampuni na kampuni, kazi ni zilezile.

Ukikuta tangazo la "meneja wa mauzo" linalotaka mtu asiye na uzoefu, malipo kamisheni tupu, ujue hiyo ni kazi ya afisa mauzo iliyopewa jina kubwa. Inaweza kuwa kazi halali na ukajifunza mengi, ila ingia ukijua. Wakikudai hela ya mafunzo au ya sare kabla hujaanza, ondoka.

Shule

Kwa aliyemaliza kidato cha nne, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini unakuingiza cheti, ngazi ya 4 kwa mfumo wa NACTVET, baraza la vyuo vya kati na ufundi. Unapanda ngazi ya 5, kisha ya 6 ambayo ni stashahada. Stashahada yenye GPA ya 3.0 inakufungulia mlango wa shahada. Kwa aliyepita kidato cha sita, ni prinsipo (ufaulu mkuu) mbili zenye jumla ya pointi 4 angalau. Hivyo ni vigezo vya chini. Kozi nyingine huongeza vyao, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, wa mwaka husika usije ukasikiliza maneno ya kijiweni.

Vyuo vipo. CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, ipo tangu 1965, ina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya, na masoko ni mojawapo ya kozi zake za siku nyingi kuanzia cheti mpaka shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shule ya biashara, Mzumbe wapo, IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) wapo. Kwa aliye kazini tayari, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa mauzo, maana leo upo Singida, mwaka kesho kampuni inakupeleka Songea. Nawajua watu waliomaliza shahada zao wakihama vituo hivyo hivyo bila kuacha kazi.

Kozi gani? Wengi wanakimbilia masoko, na ni sawa. Lakini mimi nikiletewa vijana wawili wanaolingana kwa mengine yote, mmoja kasoma masoko na mwingine uhasibu au takwimu, na wote wako tayari kuingia barabarani, namtazama huyo wa pili kwa makini zaidi. Maneno ya kuuza atayapata ruti. Kusoma mizania ya msambazaji si kitu anachoweza kufundishwa na mwenye genge.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu: kazi ya mauzo haina bodi ya kisheria kama NBAA kwa wahasibu au PSPTB kwa watu wa ununuzi na ugavi. Hakuna anayeweza kukuzuia kuuza bidhaa hizi za dukani kwa sababu huna namba ya usajili. Kwa sababu hiyohiyo hakuna karatasi moja ambayo ukiipata umemaliza kazi. Wapo wanaofanya mitihani ya CIM ya Uingereza, chama kilichoanzishwa 1911 kikiwa chama cha mameneja wa mauzo kabla ya kuhamia masoko kwa ujumla. Ni vyeti vizuri na vinaheshimika kwenye kampuni za kimataifa, ila gharama yake ni ya pauni. Subiri mpaka kampuni ikulipie au mpaka umeshafika usupavaiza. Shahada ya uzamili vilevile. Kijana anayetoka shahada ya kwanza na kuunganisha ya pili kabla hajawahi kubeba katoni anajichelewesha.

Kwa waliosoma kwa mkopo: deni la HESLB, bodi ya mikopo, hukatwa 15% ya mshahara wa msingi. Kwenye mauzo mshahara wa msingi huwa mdogo na kamisheni ndiyo inayobeba maisha. Mwezi mbaya ukija, makato hayo yapo palepale. Panga kodi ya nyumba kwa mshahara wa msingi, kamisheni iwe ya maendeleo.

Ruti

Miaka yako ya kwanza barabarani ndiyo chuo chenyewe. Jifunze kuingia dukani. Msalimie mwenye duka, msubiri ahudumie wateja wake, usizibe dirisha. Kabla hujataja bidhaa yako tazama rafu: nini kimeisha, nini kina vumbi, mpinzani amekaa wapi, friji yako imejazwa soda zako au maziwa na maji ya mtu mwingine. Ukishaangalia hivyo, hutasema "bosi leo unachukua ngapi?" Utasema "bosi, sabuni ya kipande vimebaki viwili na Jumamosi watu wanafua, nikushushie katoni moja?" Mwenye duka anasikia tofauti ya mtu anayemwangalizia biashara na mtu anayekimbiza tageti.

Jifunze mali kauli pia, nani anapewa na nani hapewi. Mwenye duka akikuomba mzigo alipe wiki ijayo, tazama stoki iliyopo dukani. Duka limejaa na pesa hana, maana yake pesa imelala kwenye bidhaa, atalipa zikitoka. Duka tupu na anaomba mali kauli, pesa imetoka nje ya biashara: ada, ugonjwa, kiwanja, harusi. Huyo mzigo wako hautarudi kirahisi, hata awe mtu mwema namna gani.

Na andika. Kila siku andika umepita maduka mangapi, mangapi yamenunua, ya shilingi ngapi, na lililokataa limekataa kwa sababu gani. Kampuni nyingi sasa zina programu ya simu inayorekodi hayo, lakini ukiondoka kazini ile data inabaki kwao, kwa hiyo weka na daftari lako. Namaanisha mafunzo na matokeo yako mwenyewe, usije ukabeba orodha ya wateja wa kampuni. Ukija kuandika CV, "nilipokea ruti yenye maduka 180 yanayonunua, niliiacha na 240" inamshinda mtu aliyeandika "nina uwezo mkubwa wa mawasiliano".

Hesabu

Hapa ndipo ninapotaka mtulie.

Afisa ana tageti ya milioni 15 kwa mwezi wenye siku 24 za kazi. Ni 625,000 kwa siku. Anapita maduka 40, yananunua 20, wastani wa 25,000 kila moja. Anapata 500,000. Supavaiza wa kawaida atamwambia "ongeza juhudi". Juhudi gani? Kuna njia mbili tu hapo: maduka yanayonunua yafike 25 kwa wastani uleule, au yabaki 20 na wastani upande mpaka 31,250. Ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inataka kujua yale 20 yanayokataa yanakataa nini: bei, deni la nyuma, friji mbovu, au afisa anafika saa ambayo mwenye pesa hayupo. Ya pili inataka kuongeza aina za bidhaa kwa wanaonunua tayari. Meneja anachagua moja, anaongozana na afisa ruti nzima, anamwonyesha. Asubuhi ya kesho yake anampigia.

Sasa ya msambazaji. Hii ndiyo inayotenganisha supavaiza na meneja wa eneo.

Msambazaji kaweka mtaji wa milioni 40. Mtaji unazunguka mara mbili kwa mwezi, mauzo milioni 80. Faida ghafi tuseme 5%, milioni 4. Gari, mafuta, dereva, mlinzi, pango la stoo, vyote milioni 2.6. Inabaki 1.4. Anaridhika, anakupenda.

Tageti inakubana mwisho wa mwezi. Unamsukuma atoe mzigo kwa mali kauli ili namba ziende juu. Milioni 15 zinakwama mitaani. Mtaji unaozunguka sasa ni 25, mauzo 50, faida ghafi 2.5, gharama bado 2.6. Mtu wako ameanza kula hasara ya laki moja kwa mwezi huku duniani kote anaonekana mfanyabiashara mkubwa. Baada ya miezi michache anaacha kuagiza, anaanza kutokupokea simu, na eneo lako linaanguka. Ripoti ya kampuni itasema "msambazaji dhaifu". Aliyemdhoofisha ni tageti ya mwezi mmoja.

Kijana anayeweza kukaa na msambazaji mezani, akachora hesabu hii kwenye karatasi na kumwambia "bosi, kabla hujaongeza gari tukusanye madeni kwanza", huyo ni meneja hata kama kadi yake bado imeandikwa afisa mauzo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Kinachokosekana ni mtu wa kukuambia kwamba hii ndiyo kazi.

Karibuni.

---

Kijana_wa_Tandika

Mkuu shukrani sana. Mimi nina D tano za kidato cha nne, nafanya promosheni za laini za simu, mwamvuli na meza. Niache nisome cheti au niendelee nitafute kupanda hukuhuku?

MtuWaMauzo

Mdogo wangu, usiache. Omba cheti cha masoko au usimamizi wa biashara chuo chenye masomo ya jioni, na meza yako iendelee kukulisha. Wakati huohuo tafuta kuhama kutoka kusajili laini kwenda upande wa mawakala wa pesa za simu, kwa sababu pale utajifunza salio la wakala, floti (pesa yake ya kufanyia miamala) inavyoisha, kwa nini wakala mmoja anafanya miamala mingi na jirani yake anapiga miayo. Ukishindwa huko, magari ya mauzo ya wasambazaji wa Temeke yanachukua wasaidizi kila wakati. Kazi ni nzito, mshahara mdogo, lakini unakaa na afisa mauzo siku nzima unaona anavyofanya. Maafisa kadhaa niliofanya nao kazi walitokea hapo hapo, nyuma ya gari. Stashahada utaimaliza ukiwa na uzoefu wa miaka mitatu mkononi, na wakati huo wenzako wa shahada ndiyo kwanza wanaandika barua za maombi.

---

Mhitimu_Sosholojia

Kaka mimi nina shahada ya sosholojia, mwaka wa pili huu nipo nyumbani. Kila tangazo linataka shahada ya masoko au biashara. Nirudi chuo?

MtuWaMauzo

Usirudi chuo kwanza. Matangazo mengi huandika "au fani inayofanana", na hata lisipoandika hivyo, wakuu wa mauzo huajiri mtu wanayemwona anaweza. Fanya hivi. Chagua mtaa unaokaa, pita maduka ishirini kwa daftari, chagua aina moja ya bidhaa, mfano mafuta ya kupikia. Andika chapa zilizopo, bei ya rejareja, ipi inatoka zaidi kwa maneno ya mwenye duka, na msambazaji anakuja siku gani. Ukurasa mmoja tu. Peleka na barua yako kwa msambazaji au meneja wa eneo wa kampuni mojawapo ya hizo chapa. Wewe umefundishwa kuuliza watu maswali na kuandika majibu kwa uaminifu. Hiyo ni kazi ambayo meneja huyo anahitaji kila wiki na hapati mtu.

Na jifunze Excel vizuri: majumuisho, asilimia, jedwali egemezi (pivot table). Jioni kwa simu au kompyuta ya kuazima inatosha kuanza.

---

Binti_wa_Ilala

Naomba niulize lile ambalo wanaume huwa hawaliandiki. Mimi ni afisa mauzo, napiga tageti. Supavaiza wangu anataka "tukutane" ndiyo anipendekeze kupanda. Safari za mikoani anataka tulale hoteli moja. Wenzangu wawili wa kike wameacha kazi. Njia hii ya umeneja ipo kwetu kweli?

MtuWaMauzo

Dada yangu, pole, na asante kwa kuliandika. Ipo, na hilo unalofanyiwa halina uhusiano na kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Mwajiri hawezi kusema ni mambo yenu binafsi.

Kwa vitendo: tunza jumbe zote, usifute hata moja. Matokeo yako ya kila mwezi yatume kwa barua pepe kwa supavaiza na nakala kwa meneja wa eneo, ili asije mtu akasema huna namba. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa rasilimali watu, na kama wale wawili walioacha wako tayari kuandika, maandishi yao yana uzito mkubwa. Nasema hili na kwa mameneja wenzangu wanaosoma hapa: supavaiza anayepoteza maafisa wawili wa kike wenye namba nzuri, wewe bosi wake ulipaswa kuuliza kabla ya kulalamikiwa. Ipo kwenye ripoti yako ya watu walioondoka.

Mama_Jumla

Binti, mimi nimepita hukohuko na sasa nasimamia timu ya wateja wakubwa. Nitakupa la kwangu. Safari za mikoani niliomba ratiba na nyumba ya kulala vitoke ofisini kwa maandishi, nikachagua mwenyewe nyumba ya wageni ninayoijua. Vikao vyote na bosi nilivifanya dukani au stoo, mchana, watu wapo. Na nilihama tawi. Kwenye wateja wakubwa mazungumzo yanafanyika ofisini na mikataba inaandikwa, matokeo yako yanaonekana na watu wengi, hakuna mtu mmoja aliyeshika funguo zako zote. Usiache kazi kabla hujapata pa kwenda, ila usikae hapo pia. Nitumie PM nikuelekeze.

---

Mtu_wa_Dawa

Naongezea upande wa dawa, mkuu aliniita. Huku ruti ni hospitali, zahanati na maduka ya dawa, na unaongea na daktari au mfamasia mwenye dakika tatu kati ya wagonjwa. Kampuni nyingi zinataka uwe umesoma famasia, uuguzi, maabara au sayansi ya baiolojia, kwa sababu ukiulizwa madhara ya dawa kwa mjamzito huwezi kusema "nitauliza ofisini" kila mara. Aliyesoma masoko pekee hupata tabu kuingia. Ngazi zinafanana: mwakilishi, supavaiza, meneja wa bidhaa au wa eneo. Tofauti kubwa ni kwamba wengi hupanda kupitia umeneja wa bidhaa kabla ya kurudi kwenye mauzo. Kama una stashahada ya famasia na unapenda watu, fikiria njia hii, haina msongamano.

---

Dereva_Afisa

Mkuu zungumzia shoti. Kwangu kila mwisho wa mwezi nakatwa. Mzigo ukipungua stoo nakatwa, mteja akikimbia na deni nakatwa, kuna mwezi nilipokea chini ya nusu ya mshahara. Hakuna karatasi yoyote, naambiwa tu. Hapo umeneja nitaufikiaje?

MtuWaMauzo

Hili ni donda la sekta nzima. Kifungu cha 28 cha sheria hiyohiyo ya ajira niliyoitaja juu kinasema mwajiri hakati kwa ajili ya hasara au upotevu mpaka masharti yatimie: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, upewe maelezo kwa maandishi ya kiasi na sababu, upewe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na jumla ya makato ya namna hiyo isizidi robo ya malipo yako. "Unaambiwa tu" haipo kwenye orodha hiyo.

Anza kwa kuomba maelezo ya kila shoti kwa maandishi, kwa adabu. Hesabu mzigo unapopakiwa, saini pamoja na mtu wa stoo, piga picha fomu. Hesabu tena jioni. Mali kauli usitoe bila saini ya supavaiza kwenye fomu ya mteja. Akikuamuru kwa simu, mwandikie ujumbe "kama ulivyoelekeza, nimempa fulani katoni kadhaa". Hapo deni likipotea linajulikana ni uamuzi wa nani. Ikishindikana ndani, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka shauri, migogoro mingine siku 60. Watu wengi huenda wakati muda umepita.

Na wanaopanda kuwa mameneja, kumbukeni hili mkifika. Mfumo wa kukata watu kienyeji huzaa wizi, kwa sababu mtu aliyekatwa kwa alichokipoteza mwingine atajifidia kwenye mzigo unaofuata.

---

Mkweli_Mtupu

Uzi mzuri lakini tuseme ukweli, nafasi za umeneja zinakwenda kwa kujuana. Nimekaa miaka kwenye ruti, wanaletwa watoto wa ndugu kutoka nje.

MtuWaMauzo

Mkuu, hilo lipo, sitalikana. Lipo zaidi kwenye kampuni za familia, lipo kidogo kwenye kampuni ambazo tageti ya taifa inaripotiwa nje ya nchi, kwa sababu pale meneja asiyejua kazi anaonekana ndani ya robo mwaka. Ushauri wangu ni uangalie mameneja wa eneo wa kampuni yako walitokea wapi. Kama katika miaka uliyokaa hakuna hata mmoja aliyepandishwa kutoka kwenye timu, umeshapata jibu. Peleka namba zako kwa mshindani. Wasambazaji nao wanajua mtu gani anafanya kazi, na kampuni inapotafuta supavaiza, simu ya kwanza mara nyingi hupigwa kwa msambazaji: "nani hapo kwako anapita vizuri?" Kujuana kwa namna hiyo kunajengwa barabarani.

---

Jirani_wa_Nairobi

Hongera kwa uzi. Huku Kenya wengi wetu tumepitia diploma ya mauzo na masoko ya KNEC, baraza letu la mitihani, ambayo ina jina la mauzo kabisa ndani yake, kisha shahada baadaye. Tuna pia chama cha wanamasoko, MSK, ambacho kinakukutanisha na waajiri. Lakini hiyo hesabu ya msambazaji hatukufundishwa na sisi. Naichukua nikafundishe timu yangu Eldoret.

---

Kijana_wa_Tandika

Mkuu swali la mwisho. Wewe ukiwa kwenye usaili wa kumpandisha mtu kuwa supavaiza au meneja wa eneo, unauliza nini?

MtuWaMauzo

Nauliza moja kubwa. Nampa tageti ya eneo zima, nampa maafisa wanane, namwambia aigawe. Nampa karatasi na dakika ishirini.

Wengi hugawa kwa nane. Baadhi hugawa kulingana na mauzo ya mwezi uliopita, hao wana mwanga. Ninayemtafuta ataanza kwa kuniuliza maswali. Huku ziwani, maduka ya mialo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, yanaishi kwa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, pesa mwaloni hakuna. Afisa wa mwalo ukimpa tageti sawa kila wiki unamwonea katika wiki ya mbalamwezi, na unamwacha alale wiki za giza ambapo angeweza kuuza zaidi. Shinyanga na Simiyu kuna msimu wa pamba. Mkulima akilipwa, duka la kijijini linabadilika sura, na lazima mzigo uwe umetangulia. Ruti ya Sengerema ilikuwa inakula muda mwingi kusubiri kivuko Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ratiba ile ya zamani haina maana tena, gari lilelile linaweza kufika maduka zaidi kabla ya jua kuwa kali. Ukerewe bado ni majini, mzigo wake unapangwa kwa ratiba ya meli. Nani kati ya hao wanane ni mgeni? Nani anashika eneo lenye madeni ya mtangulizi wake?

Anayeuliza hayo, hata akikosea kujumlisha, tutarekebisha. Kwa hiyo hapo Tandika anza leo: jua mtaa wako unapokea pesa siku gani ya wiki na zinatoka wapi, viwandani, bandarini, sokoni. Iandike kwenye daftari lako kando ya mauzo ya kila siku.

Maswali ya bima na benki naomba aliyeko huko ajitokeze ayajibu, sitaki kuandika nisichokifanya. Fomu ninayotumia kurekodi ruti nitaiweka hapa kesho jioni nikitoka Geita.